Usiondoke alfajiri wamelala

Swali: Assalaam alaykum, Bi Mshauri. Mimi ni binti wa Mkomani, Lamu, namaliza chuo Eskişehir, Uturuki. Nimekaa huku miaka mitano na nimebakiza siku arubaini. Mwenzangu wa chumbani ni Mturuki wa Trabzon, mamake huniita binti yake. Wenzangu wataka kunifanyia sherehe ya kuniaga, nami sitaki. Nikiifikiria tu koo hunikauka. Naona heri niondoke alfajiri wamelala, niwaandikie nikifika. Tena kuna rafiki yangu mmoja, Mwindonesia, hatusemezani tangu Ramadhani. Nilitoa siri yake kwa mtu. Siku ya Idi aliandika kwenye kundi letu, "mohon maaf lahir dan batin", mimi sikujibu. Nikimpigia mama nikilia huniambia, "Walia nini nawe warudi kwenu?" Je, kuondoka kimya ni vibaya? Na huyu rafiki nimfanyeje?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu.

Mwaka 1994 nilimaliza masomo yangu Pune, India. Miaka mitatu nililala chumba kimoja na msichana wa huko huko, tukila sahani moja, tukiazimana nguo na madaftari. Siku yangu ya kuondoka ilipofika, yeye alikuwa kwenye mtihani. Ningemngoja saa mbili tu, na gari moshi la kwenda Bombay lilikuwa la jioni. Sikumngoja. Niliandika nusu ukurasa, nikauweka juu ya mto wake, nikaita riksho. Nilijiambia kwamba namwepusha na machozi. Baada ya miezi miwili nikapokea barua yake hapa Lamu. Ilikuwa mistari minne, akiniuliza alinikosea nini. Nilimjibu kurasa sita. Barua ikarudi na muhuri wa posta, alikuwa amehama.

Sikusimulii haya nikutishe. Huu ni mwaka wangu wa 23 katika kazi ya ushauri nasaha, na nimekaa na vijana wengi wa Lamu, Faza na Siyu waliorudi kutoka ng'ambo. Wanaochukua muda mrefu kupoa si wale waliolia uwanja wa ndege mbele za watu. Ni wale waliokuja na neno kooni. Anayeondoka kimya hudhani kwamba ameacha utulivu nyuma yake, lakini wanaobaki husikia lawama. Kila mmoja hujiuliza alikosea wapi, nawe huko uliko huna habari kwamba waulizwa.

Kwa hivyo ndiyo, ni vibaya. Sherehe ni jambo jingine, nitaifikia.

Nianze na mama yako, maana hilo ni jepesi. Yeye anaona safari moja: mwanawe anarudi. Wewe una safari mbili kwa pamoja, kurudi kwenu na kuhama kwenu, kwa sababu mtu akikaa mahali miaka mitano ya ujana wake, pale si ugenini tena. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika mwaka 1989 juu ya majonzi yasiyotambuliwa na jamii. Mtu amepoteza, lakini hapati wa kumpa pole, kwa kuwa machoni pa watu hakuna kilichopotea. Machozi yako ni ya namna hiyo. Hakuna aliyekufa, mtihani umefaulu, nyumbani wakungoja na mahamri; nani ataona kwamba una msiba? Mimi nauona. Pole, mwanangu.

Mama usimkasirikie wala usimfiche. Badala ya kumpigia ukilia, mpigie siku ambayo hulii, umweleze: "Mama, nafurahi kurudi, lakini huku naacha watu walioniuguza nilipougua, walionipikia nilipofunga." Mtaje mmoja, useme alilokutendea na siku alipolitenda. Mama akijua kwamba kuna mwanamke Trabzon aliyemwangalia mwanawe kama wake, hatakuuliza tena walia nini. Huenda akalia naye.

Sasa tulikalie hili la rafiki yako Mwindonesia.

Watu wa Lamu walijua kuagana kabla ya hizi safari za vyuo. Karne na karne majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi, na kusi ilipoanza kuvuma, kama Aprili hivi, yakatweka matanga kurudi. Mabaharia walikaa miezi, wakapata marafiki, wengine wakaoa, na kila mtu alijua kwamba upepo utageuka. Bahari nayo haikumwahidi mtu kufika. Ndiyo maana wazee wetu hawakuagana kwa kupungiana mkono tu, walitakana buriani. Leo neno hili tumeliachia wafu, twaliona katika matangazo ya tanzia, lakini kutakana buriani ni kuombana msamaha kabla ya kutengana, kila mmoja amwachie mwenzake anachomdai, kiwe fedha au kiwe neno. Mwangalie hadi leo mtu anayekwenda Hija. Kabla ya kufunga mizigo hulipa madeni yake, kisha huzunguka nyumba kwa nyumba, dakani kwa huyu na dakani kwa yule: "Kama nimekukosea, unisamehe."

Na hapo ulipo, mwanangu, umezungukwa na watu wenye ada hiyo hiyo. Waturuki huiita helalleşmek, yaani kuhalalishiana. Bila shaka umemsikia mtu anayeondoka akisema "hakkını helal et", nihalalishie haki yako, na mwenzake akajibu "helal olsun". Nao Waindonesia wana yale maneno ya Idi ambayo rafiki yako aliyaandika. Hebu yasome tena polepole. Mohon maaf ni kuomba msamaha. Lahir dan batin ni dhahiri na batini, maneno ya Kiarabu yale yale tuliyo nayo sisi, ila kwao yalifika kwa bahari nyingine. Anasema: nisamehe kwa yaliyoonekana na kwa yaliyo moyoni.

Najua ni maneno ya ada. Kila mmoja kwao huyatuma siku hiyo, na yeye aliyatuma kwa kundi zima. Hata hivyo, aliyatuma mahali ambapo alijua nawe utayasoma, na wewe ndiye uliyemkosea, si yeye. Mimi nauona ujumbe ule kama mlango uliorudishwa bila kutiwa komeo. Huenda nimekosea, lakini namna ya kujua ni kuusukuma.

Aliyekosa ni wewe, basi wa kwenda ni wewe. Nyote wawili mmesoma hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba si halali kwa Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Ninyi mmepita miezi mitatu. Usimwandikie, na usimtume mtu wa kati, maana jeraha lenyewe lilitokana na mtu wa kati. Nenda mwenyewe, muda ambao hana mtihani wala hana wenzake, umsalimie kisha useme ulilofanya bila kulizungusha: "Uliniambia jambo nami nikalitoa. Nilikosa." Usiweke "lakini" baada ya hapo. Usieleze kwamba yule uliyemwambia aliapa kunyamaza, wala kwamba siku ile ulikuwa umechoka. Usilie kiasi cha yeye kugeuka mbembelezaji, kwa kuwa siku hiyo ni yake. Akinyamaza, ngoja. Akitaka kukwambia ilivyomuuma, msikilize mpaka amalize, hata kama anazidisha. Halafu umjibu ule ujumbe wake wa Idi kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha yake: mohon maaf lahir dan batin.

Akikataa, usimlazimishe na usiwaeleze wenzenu. Mwachie barua fupi yenye yale yale uliyosema, na namba yako ya Kenya, basi. Wapo watu wanaosamehe baada ya mwaka, wakiwa mbali, na hao nao huhitaji mahali pa kulipeleka lile neno.

Kuna jambo jingine kuhusu ugomvi wa mwisho wa masomo ambalo nataka ulipime mwenyewe. David Pollock, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi na watoto waliokulia nchi za watu, aliona kwamba mtu anayekaribia kuhama huanza kulegeza kamba bila kujijua. Hukasirika upesi, humwona rafiki ana kasoro ambazo jana hakuwa nazo, huacha simu bila kupokea. Kumwacha mtu uliyemkasirikia ni rahisi kuliko kumwacha uliyempenda. Siku ile ya Idi ulipousoma ujumbe ukaweka simu chini, ilikuwa aibu peke yake, au sehemu yako fulani ilikuwa imekwisha anza kuondoka? Sihitaji jibu. Lakini kama ni hili la pili, basi utalikuta kwa wengine pia katika siku arubaini hizi. Utajikuta wataka kugombana na mwenzako wa Trabzon kwa sababu ya taa au dirisha. Ukijikuta hapo, mwambie wazi: "Naona nimekuwa mkali kwa kuwa naondoka."

Pollock huyu alifananisha kuhama vizuri na kuunda chelezo cha magogo manne: kupatana na uliokosana nao, kuwaambia watu walivyokufaa, kuaga, kisha kufikiria uendako. La kwanza sisi twalijua, nimekwisha kulisema. La pili ndilo ambalo watu wa pwani twalipita mbio. Twaona haya kumsifu mtu mbele yake, twasema "asante kwa yote", naye hapati kitu cha kushika. Mwenzako wa chumbani mpe kitu cha kushika. Mwambie: mwaka wa kwanza, nilipokuwa sijui Kituruki, ulikwenda nami hospitali ukasubiri mpaka jioni. Au lolote lile lililotokea kweli, wewe walijua. Mtu akiambiwa siku na tendo, hubaki nalo. Na mamake asikose lake. Kama hutaweza kwenda Trabzon, mpigie umwone uso, umwombe akuhalalishie, kwa maneno ya kwao. Mama wa Kituruki ukimwambia hakkını helal et, anajua uzito wake, hutahitaji kumweleza.

Haya yote huchukua siku, na siku zako hazilingani na za wenzako. Wiki ya mitihani ikiisha bweni huanza kubaki wazi. Huyu ana basi leo, yule ana ndege keshokutwa, na unaweza kukuta wewe uliyetaka kuondoka kimya ndiye uliyeachwa. Leo hii waulize watu wako tarehe zao. Atakayeondoka kwanza aagwe kwanza. Na usiwasahau wasio marafiki: anayekuuzia simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, asubuhi, mlinzi wa bweni, mwalimu aliyekufundisha Kituruki mwaka ule wa mwanzo. Hao dakika tano zawatosha, na mara nyingi wao ndio watakaoshangaa kwamba umewakumbuka.

Mahali pia huagwa. Tembea kando ya mto Porsuk peke yako asubuhi moja, upite kwenye yale madaraja, panda tramu hadi mwisho wa njia na urudi. Usipige picha siku hiyo.

Sherehe, basi. Umesema koo hukauka, nami nakuamini. Kuna watu ambao mbele ya watu ishirini, na keki, na muziki, hugeuka mawe, kisha hulaumiwa kwamba hawakuguswa. Huna lazima ya kuikubali. Lakini usiikatae ukawaacha mikono mitupu, kwa sababu wenzako nao wana haja ya kukuaga. Si yako peke yako hiyo. Wape namna nyingine. Waambie: "Sherehe siiwezi, lakini nataka kukaa na kila mmoja wenu." Halafu kweli ukae na kila mmoja, glasi mbili za chai, saa nzima, simu mfukoni. Wale wa kundi waalike mara moja jioni, mapema, uwapikie wewe. Wali wa nazi na kuku wa kupaka unaweza kuupata hata Eskişehir ukitumia nazi ya kopo. Anayepika ana kazi ya mikono, na mwenye kazi ya mikono koo halimkauki sana. Nimewashauri hivi wengi walio kama wewe.

Zawadi usizitie fedha usizo nazo. Kofia ya vito ya Lamu ungetaka kumpelekea babake mwenzako, lakini kofia ile hushonwa kwa mkono miezi mingi. Hiyo mwagizie ukifika, imfikie kwa posta au kwa mtu. Kwa sasa mwambie mama akutumie leso kwa yeyote anayesafiri. Leso huuzwa mbili mbili, wajua, zenye jina moja. Zikate. Kipande kimoja kiache Trabzon, kimoja urudi nacho. Jina ulichague kwa makini, kwa kuwa majina mengine ni ya mafumbo na vijembe, nawe itakubidi ulifasiri. Mimi ningetafuta lenye "Wema hauozi".

Kuhusu ahadi nitakuwa mkali kidogo. Siku za mwisho watu huahidiana kukutana kila mwaka, kuhudhuria harusi za wenzao, kuzungumza kila siku. Wanaamini wanayosema. Kisha maisha huanza, mmoja hachukui simu, mwingine aona amesahauliwa, na urafiki uliokuwa mzima hufa kwa ahadi iliyokuwa kubwa mno. Ahidi kidogo unachokiweza. Sauti moja kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hata ya dakika mbili, hata ya kusema sina jipya. Kwa Trabzon ni rahisi: tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa zake, kwa hiyo saa yao ni saa yetu mwaka mzima. Rafiki yako akirudi Jakarta atakuwa mbele yako saa nne. Ukimpigia saa tatu usiku baada ya isha, kwake ni saa saba za usiku, amelala. Yeye mpigie mchana wako.

Na ukubali kwamba si wote utakaobaki nao. Katika watu kumi na tano, watatu au wanne wakibaki nawe baada ya miaka mitano umepata sana. Hao wengine hawakuwa wa uongo. Kuna rafiki wa chumba, rafiki wa darasa, rafiki wa kupikia pamoja, na chumba kikifungwa, urafiki ule umekamilisha kazi yake. Waage hao kwa uzito ule ule.

Hapa Lamu utakuta shoga zako wa utotoni wameolewa, wana watoto, wana maneno yao ambayo hukuwapo yalipoanza. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alionyesha mwaka 2018 kwamba mtu huhitaji zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja na mwenzake kabla ya kuwa rafiki wa karibu. Na mwenzako wa chumbani umekaa saa ngapi katika miaka mitano? Ndiyo maana yauma. Na ndiyo maana nakuomba usiwahukumu wa hapa kwa wiki za kwanza. Kaa nao barazani, uwasikilize. Habari za Uturuki uzitoe wakikuuliza, kidogo kidogo. Ukihisi kwamba hakuna anayetaka kuzisikia zote, njoo kwangu, mimi nitazisikia zote.

Siku yenyewe, waagie Eskişehir, stesheni. Treni ya kasi ya Istanbul ina muda wake na haingoji, na jambo hilo ni rehema, kwa sababu kuaga kwa uwanja wa ndege huweza kuchukua saa tatu za kurudiarudia. Fanya mizigo yako yote iwe tayari usiku wa jana yake ili asubuhi iwe ya watu. Ukiona mtu ameshika ndoo au chupa akimwaga maji nyuma yako, usishtuke. Ni dua yao, su gibi git, su gibi gel, enda kama maji, rudi kama maji. Ukilia, lia. Yule wa Indonesia, awe amekusamehe au bado, mwambie saa ya treni. Asipokuja, umemwambia.

Na ukishuka Manda, kabla hujaingia kwenye boti, simama kidogo pale gatini. Utaiona Lamu ng'ambo ya mkondo, na mama yako atakuwa amekuja kukupokea. Msalimie kwanza, umkumbatie. Kisha mpigie mwenzako wa Trabzon, mwambie amwite mamake, umgeuzie simu mama yako waonane uso kwa uso. Hawatafahamiana lugha. Wewe simama katikati, uwafasirie.